Kimya cha Mjane

Watu wa redio wakiniuliza wimbo wetu ulianzia wapi, wanataka niseme ulianzia moyoni. Mimi nawaambia ulianzia shingoni. Wanacheka, wanadhani natania, kisha wanauliza tena kwa maneno mengine, kwa sababu mtu aliyekwisha kujiandalia jibu hataki kupewa lingine. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Bomba la mtaa wetu wa Mabawa lilikuwa limekauka, na mimi ndiye niliyekuwa nikiteka maji kwenye kisima cha nyuma ya msikiti, ndoo kubwa kichwani, jua la saa nane likinichoma utosi.

Ndoo ya namna ile huwezi kujitua peke yako bila kumwaga nusu. Ndiyo maana mwanamke akiingia uani na maji hapigi hodi. Husema "nitue," na aliye karibu huacha alichoshika akanyanyuka. Wanasiasa kila uchaguzi huahidi kumtua mama ndoo kichwani. Mimi sikuwa nawangoja hao, nilikuwa namwomba mume wangu tu, naye alikuwa hatua chache mbele yangu, amekalia kinu kilichopinduliwa, vidumbaki vyake viwili katikati ya magoti. Hizo ni ngoma ndogo za udongo, alikuja nazo kutoka Pemba kabla hata hajanioa.

"Nitue, Jaku," nikamwambia.

"Malizia kwanza," akasema huku akipiga. "Weye ukikasirika waimba vizuri."

Kweli nikikasirika maneno yangu hujipanga yenyewe. Nilisimama pale, maji yakinichuruzikia mgongoni, nikamtolea yote niliyokuwa nayo:

*Nitue, shingo yauma,*
*maji haya ni ya wote;*
*kuyabeba ni mimi tu,*
*kuyanywa tutanywa sote.*

Siku hiyo alikuwepo uani jirani yetu Eliudi, Mshambaa wa Lushoto, mwalimu wa kwaya ya kanisa la Kilutheri. Alikuwa amekuja na gitaa lake kumwonyesha Jaku jambo fulani. Basi naye, badala ya kunitua, akaongeza gitaa. Wanaume wawili wazima, mikono minne, na mimi na ndoo kichwani. Kundi letu lilianza hivyo, na anayewasimulia vinginevyo hakuwepo.

Tulijiita Mlango wa Uani kwa sababu Eliudi alikuwa hawezi kupita mlango wa mbele. Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wangu, Bi Samira, mtu wa Wete, ambaye kwake gitaa na nguruwe viliandikwa ukurasa mmoja. Tulifanya mazoezi alasiri za Alhamisi, yeye akiwa kwenye darsa la wanawake. Tukisikia kandambili zake kibarazani, Eliudi anatoka kwa mlango wa uani na gitaa amelifunika shuka, Jaku anajifanya anatengeneza kiti. Tulikuwa na furaha ya kijinga, ile ya watoto wanaoiba sukari.

Nyimbo nyingine tulizitunga tukiwa tumekaa. "Nitue" ilikataa. Eliudi alipotaka kuirekodi kwa simu yake ilibidi niende kisimani kweli, nijaze ndoo kweli, nisimame nayo, maana bila uzito ule sauti yangu ilitoka ya adabu adabu. Aliiweka simu juu ya mdomo wa mtungi. Mwishoni Jaku aliziacha ngoma akaja kunishusha ndoo, na kwenye rekodi unasikia maji yakipiga ukingo, kisha sauti yake, kicheko kimejaa mdomoni: "Haya, nimekutua."

Eliudi alitaka kuyakata maneno hayo. Nilikataa. Nilimwambia bila hayo wimbo ni mwanamke aliyesimama na ndoo hadi Kiyama.

Mwezi haukupita, Jaku akaenda Mkwaja kununua kamba wakavu. Pikipiki iliteleza kwenye changarawe mbele ya lori la mchanga. Wakamleta jioni, asubuhi tukamzika. Hapo sisemi zaidi.

Nikaingia eda. Sheria zake nazijua na sizilalamikii: nisitoke bila haja, nisijipambe, nisitie manukato, nisiposwe. Lakini dini ikifunga fundo moja, Bi Samira huongeza matatu. Kioo akakigeuza ukutani. Simu yangu akaizima, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka chini ya godoro lake. Dirisha la chumba likabaki wazi upande mmoja tu, na upande huo akashusha pazia zito la sebuleni. Kisha akanipa la mwisho.

"Sauti yako isivuke pazia hilo, Asha. Mwanamume asiisikie. Sauti ya mjane ni uchi."

"Naam, mama."

Nilimpenda Jaku, nilitaka kumlilia, na kwa siku za mwanzo chumba kile kilinifaa. Baadaye kikaanza kunikaba. Joto la Tanga mnalijua. Nililala chali kwenye kanga nyeupe nikihesabu mbao za dari, nikisikia mtaa unaishi bila mimi: mashine ya kusaga, bodaboda, watoto wa madrasa, redio ya duka la Sele lililo ng'ambo ya njia. Vidumbaki vilikuwa vimetundikwa msumarini juu ya kichwa changu. Ngozi zake zilikuwa zikilegea kwa unyevu, na aliyezoea kuzipasha moto hayupo. Nikitaka kusema jambo, wa kumwambia ni Bi Samira, na Bi Samira alikuwa amefiwa na mwanawe wa pekee. Hatukuwa na la kuambiana. Tulikula kimya, tukaswali kimya, tukaogopana.

Alasiri moja nikasikia kikohozi chini ya dirisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Eliudi. Sema lililokuleta."

"Nimekuja kwa shemeji, mama. Najua hatoki. Naomba anisikie tu."

Bi Samira hakumfukuza. Alikuja akaketi kitandani kando yangu, tukasikiliza wote wawili. Eliudi alieleza kwamba wimbo alimpelekea mtu mmoja wa Dar es Salaam, Edgar, mwenye studio. Edgar ameupenda. Lakini anataka urekodiwe upya, bila kelele za maji, na autoe wiki hiyohiyo. Eliudi alimwomba asubiri eda yangu iishe. Edgar akamwambia ni wiki hii au basi, nyimbo ziko nyingi. Kwaya ya kanisani ina binti anaitwa Precious ambaye anaujua wimbo wote.

"Lakini wimbo ni wako, shemeji," akasema. Alikuwa anautaka wimbo ule utoke na alikuwa ananiogopa. "Ukikataa nitampigia sasa hivi nimwambie basi. Siku ya ndoa yenu Jaku alinieleza, bibi harusi akiulizwa mara tatu akanyamaza, amekubali. Nisije nikakukosea, nakuuliza kwa desturi yenu. Niende na Precious?"

Nilifungua mdomo. Bi Samira akaweka vidole viwili juu ya midomo yangu, taratibu, kama anavyonyamazishwa mtoto msikitini. Nikamtazama: basi jibu wewe, mama. Akatazama pazia.

"Niende, shemeji?"

Ningeweza kugonga ukuta. Ningeweza kuangusha birika. Lakini nilikuwa mkwe mwema, na mkwe mwema ana kazi ngumu kuliko punda. Vidole vile vilikuwa vinanuka kitunguu na vilikuwa baridi.

"Nauliza mara ya tatu. Niende?"

Kuku akapita. Mtu akamwita mtu huko njiani. Eliudi akashusha pumzi. "Ahsante, shemeji. Mungu akubariki." Nikasikia viatu vyake vikiondoka.

Siku ya ndoa yangu nilinyamaza nikapata mume. Siku ile nilinyamaza nikapokonywa kilichobaki chake. Nilimgeukia Bi Samira. "Mama, ameondoka na wimbo."

"Mwache aondoke nao," akasema. "Hiyo ndiyo heri yako."

Wimbo ukafika kabla sijazoea kuupoteza. Nilikuwa napembua mchele nikasikia kinanda kutoka dukani kwa Sele, kinanda laini cha harusini, kisha maneno yangu. Precious ana sauti nzuri, simsingizii. Ni sauti tamu kama uji uliozidishwa sukari. Aliimba "nitue" kama mtu anayeomba kupokewa mkoba. Nilingoja mwisho. Nilingoja maji, nikamngoja Jaku. Kinanda kikapungua, kikapungua, kikanyamaza. Wamemwacha amesimama, nikasema moyoni. Wamemwacha na ndoo yake.

Asiyekuwepo na lake halipo, hivyo ndivyo tunavyosema. Mimi nilikuwepo, nyuma ya pazia, na langu halikuwepo vilevile. Nilishika ungo ule nikaubamiza sakafuni, mchele ukaingia hadi mvunguni. Bi Samira alisimama mlangoni na tasbihi mkononi.

"Ndio huo?"

"Ndio huo."

"Na Jaku kapiga wapi humo?"

"Wamemtoa, mama. Ngoma yake na maneno yake."

"Maneno gani? Mwanangu alikuwa haimbi."

"Hakuimba. Alisema tu, pale mwisho, aliponishusha ndoo. 'Haya, nimekutua.'"

Sikutaka kulia mbele yake, lakini kuyatamka maneno yale kwa mdomo wangu mwenyewe kulinishinda. Bi Samira aliinama akaanza kuokota mchele, punje baada ya punje, wala hakusema kitu mpaka ungo ukajaa. Usiku ule alikuwa anaswali kila nilipoamka.

Asubuhi, chai yangu haijapoa, Eliudi alikuwa chini ya dirisha. Alikuwa ameitwa, na alidhani ameitiwa shukrani.

"Eliudi," Bi Samira akasema, amesimama karibu na pazia, "siku ile ulimuuliza huyu kwa desturi yetu?"

"Ndiyo, mama. Mara tatu."

"Desturi yetu umeijua nusu. Anayeulizwa akanyamaza ikawa ndiyo ni mwari, msichana asiyewahi kuolewa, kwa haya zake. Mjane hana kimya. Mjane huulizwa akajibu kwa ulimi wake, watu wakasikia. Weye umemuuliza mjane kwa sheria ya mwari."

Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kama kuna sheria hiyo. Tulifundishwa madrasani, nikaipitia kama unavyopitia jambo linalowahusu watu wazima.

"Na mie nilijua," Bi Samira akaendelea, sauti imeshuka. "Nilijua hapo hapo nikanyamaza, nikasema heri ngoma hizi ziishe. Hilo n'langu, si lako." Kisha akanigeukia. "Sema, Asha."

"Pazia, mama?"

"Pazia nililiweka mie. Sema."

Nilikuwa sijapaza sauti kwa muda mrefu hata ikatoka na kutu. "Sikukubali, Eliudi. Wala sikubali. Na bila maneno ya Jaku, wimbo ule haujaisha."

Nikasikia mgongo wake ukiteleza ukutani mpaka akakaa chini. Alisema nisamehe, shemeji, akasema tena, mpaka Bi Samira akamkata.

"Sauti yake unayo?"

"Ninayo, mama. Ile ya kwanza sikuifuta."

"N'pe."

Mkono wake ukapenya chini ya pazia na simu. Bi Samira hakujua pa kubonyeza, Eliudi akamwelekeza kutoka nje, nami kutoka ndani, tukipishana maneno. Kisha chumba kikajaa sauti za uani kwetu: jogoo, kikohozi cha Jaku, vidumbaki, ghadhabu yangu yote. Bi Samira aliishikilia simu sikioni kama mtu aliyepigiwa. Maji yakapiga ukingo. Haya, nimekutua.

"Ee, baba," Bi Samira akamjibu.

Aliendelea kuishika pale sikioni baada ya simu kunyamaza, na mimi nikamshika mkono, na hiyo ndiyo mara ya kwanza niliyoushika mkono wake pasipo kuubusu kwa salamu.

Edgar aliambiwa akakasirika. Alisema wimbo wa Precious umekwishatoka na maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba hakuna atakayesikiliza kelele za ndoo. Eliudi hakubishana naye. Kwa idhini yangu aliutoa mtandaoni ule wa kwanza kama ulivyo, kwa simu yake mwenyewe, akaandika chini yake Mlango wa Uani na majina yetu matatu, la Jaku mbele. Precious mwenyewe, kwa heshima yake, aliusambaza kwa wanakwaya wote.

Mengine mnayajua. Kina mama wa Maramba walianza kujipiga picha za video wakiingia uani na ndoo, waume zao wakiwatua mwishoni kwa maneno yaleyale. Kisha wa Muheza, kisha wa Pangani, kisha watu ambao hawajawahi kuishi bila bomba. Mume aliyechelewa kunyanyuka alichekwa nchi nzima. Waume wa Tanga walipata tabu mwaka ule, na ilikuwa halali yao. Wataalamu walibishana kama ni taarabu, ni kwaya, au ni muziki wa asili wa kisasa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia napembua mchele.

Watu huniambia nilikuwa na bahati. Nawauliza, umewahi kufungiwa ndani ya wimbo? Ulitoka kwa Sele, ukatoka kwenye bodaboda, ukatoka kwa watoto wa madrasa wakirudi nyumbani. Kabla ya hapo nilikuwa nimefungwa na kuta nne. Sasa kila ukuta ulikuwa na sauti ya mume wangu. Jaku alinitua asubuhi, mchana na jioni, na mimi bado nilikuwa nimebeba. Vijana wakaanza kuja dirishani na simu zao. "Dada wa ndoo, tuimbie japo kidogo." Bi Samira aliwamwagia maji ya kuoshea samaki. Hilo lilinichekesha, na kucheka kukaniuma kuliko kulia.

Jambo moja tu lilinitia wazimu. Kila siku baada ya laasiri, Sele alikuwa akiurudisha wimbo pale mwisho. Maji, haya nimekutua. Kimya. Maji, haya nimekutua. Nilimwomba Bi Samira akamkanye. Alitia ushungi akatoka, akarudi na mafuta ya taa, hakusema kama amemkanya au la, na kesho yake ikawa vilevile.

Eda ikaisha. Wanawake wakaja, nikaogeshwa, nikavishwa kanga mpya, ikasomwa dua, nikatolewa mlango wa mbele, jua likanipiga machoni hata nikashika ukuta. Nilikwenda moja kwa moja dukani kumkaripia Sele. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Si mimi, dada," akasema. "Ni mama. Kila akija kununua kitu hunambia, rudisha pale mwisho. Hata siku asiyokuwa na haja ya kitu, hununua kiberiti."

Nilirudi nyumbani polepole. Jikoni, nyuma ya mtungi wa unga, nilikuta viberiti vimepangwa hadi juu, vyote havijafunguliwa.

Siku zile bomba likakauka tena. Kulikuwa na watu waliotaka tukaimbe mjini, jukwaani, mbele ya watu wengi, na Eliudi alikuja kunieleza. Safari hii alipita mlango wa mbele. Bi Samira alimwonyesha mkeka uani, akaketi na gitaa lake halijafunuliwa shuka.

"Siulizi mara tatu, shemeji," akasema. "Siulizi hata mara moja. Nitangoja useme."

Sikusema. Nilichukua ndoo nikaenda kisimani, nikaijaza mpaka ukingoni, mwanamke mmoja akanitwika. Nilipoingia kwa mlango wa uani niliwakuta wote wawili palepale. Kinu kilikuwa kimepinduliwa pale alipokuwa akikaa Jaku. Nikasimama.

Neno halikutoka. Lilikuwa limesemwa na nchi nzima, na kila lilipokuwa likisemwa Jaku alikuwa akiitika. Nikilisema mimi, hapa uani kwake, hataitika. Nilijua hivyo na nilikuwa siko tayari kulisikia kimya hicho. Shingo ikaanza kuwaka. Maji yakanishukia mgongoni. Eliudi akaweka gitaa chini akanyanyuka, na Bi Samira akamzuia kwa kiganja.

"Mwache. Hajasema."

"Ni nzito, mama."

"Nayajua maji. Mwache." Kisha akanitazama, macho mekundu. "Mjane hana kimya, Asha."

Mikono ilikuwa imeanza kufa ganzi.

"Nitue, mama," nikasema.

Ni mfupi, Bi Samira. Ilibidi asogeze kigoda akikanyage. Akainua mikono akashika ukingo wa huku nami wa huku, tukaishusha wawili, ikaenda mrama na kumlowesha kifua kizima. Ikafika chini. Nikabaki nimeinama, nikingoja ayaseme maneno ya mwanawe, kwa sababu Tanga nzima hakuna aliyeyajua kuliko yeye. Alijipangusa uso kwa upindo wa kanga. Akaitazama ndoo.

"Umejaza mno," akasema. "Kesho lete nusu, n'takwenda nawe."

Nikamgeukia Eliudi, nikamwambia kwa ulimi wangu, Bi Samira akisikia: "Nimekubali."